Kipande cha Chini

Nimekaa kizuka kwa mara ya pili, katika chumba kilekile. Kitanda ni kingine na sakafu imetiwa vigae, lakini dirisha ni lile la zamani, la nondo na mbao, linalotazama uani, na mtu akikohoa mferejini mimi humsikia humu ndani kama alivyosikika miaka ile. Wanangu walitaka nikae eda chumba cha mbele, chenye feni. Nikakataa. Mume niliyemzika mwezi uliopita, Seif, ni ndugu mdogo wa mume niliyemzika nikiwa msichana wa miaka ishirini na tatu, Hemed, na mwaka wa Hemed ndio unaonikalisha hapa na kalamu. Nilidhani nimeshaumaliza mwaka huo. Nilikuwa nimeuweka mahali pake, na nilikuwa na maelezo yangu juu yake, yaliyonitosha kwa kulelea watoto. Kisha Seif, siku chache kabla ya kufa, akanambia maneno yasiyojaza kiganja, na yale maelezo yangu yote yakaporomoka. Sina haja ya kumtukana maiti. Kumremba nako siwezi.

Hemed alirudi kutoka Dubai, alikokuwa akipakia makontena, na wakati wenzake walirudi na saruji na mabati, yeye alishuka bandarini Mkoani na gari. Gari ya Kijapani ya milango miwili, samawati, ya mbio, na ya chini mno, hata kuku wetu hawakupata pa kujificha jua chini yake. Mama mkwe wangu, Bi Time, aliizunguka mara moja, mkono kiunoni. "Gari ya watu wawili," akasema. "Mie nkiumwa n'tapanda wapi?" Hemed akamjibu, "Utapanda mbele, mama. Raya atabaki nyumbani apike." Bi Time akacheka hata akajifuta macho kwa upande wa kanga. Nalitaja hili kwa kuwa watu wakiwasikiliza wazee wa nyumba hii watadhani hatukuwahi kucheka humu. Tulicheka sana, miezi ile ya kwanza. Nilimpenda mume wangu, na nilipenda kumtazama akipenda kitu.

Jioni tulikula jamvini, mimi na yeye, muhogo wa nazi na changu wa kukaanga, na pembeni ya sahani kulikuwa na kitabu cha picha cha vipuri alichokuja nacho. Kilikuwa cha Kiingereza. Hemed Kiingereza chake kilikuwa cha bandarini, cha "lete" na "shusha", na mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, basi kazi ya kusoma ilikuwa yangu. Alitaka kuibadilisha gari pua, ndivyo alivyokuwa akisema. Injini, akanieleza, inavuta hewa kama mtu, na lile boksi jeusi la plastiki lililokuja na gari linavuta hewa ya moto iliyokwishapita kwenye redieta. Hewa ya baridi ni nzito, ina nguvu. "Weye ukipuliza moto jikoni," akasema, "wapuliza na moshi? Si wageuza uso kwanza, wavuta hewa nzuri?" Ukurasa mmoja ulikuwa na paipu fupi, inayoishia palepale chini ya boneti, ina sauti kubwa lakini bado inavuta joto. Ukurasa wa pili ulikuwa na paipu ndefu inayoteremka nyuma ya bampa, chujio lake jekundu likaribie ardhi kwenye hewa baridi. Hemed aliitaka ndefu. Rafiki yake Kombo, fundi wa magari, alishamwambia kwamba paipu ndefu Pemba ni wazimu, masika barabara zetu zinakuwa mito. Wiki nzima alibaki baina ya hizo mbili, akila bila kujua anakula nini. Mimi ndiye niliyeiona ya tatu. Ilikuwa ya vipande viwili, vilivyoungwa kwa mpira na bana, pete ya chuma inayokazwa kwa spana. Maandishi madogo yalisema: wakati wa mvua, legeza bana, toa kipande cha chini, pandisha chujio juu. Nikamsomea. Akanambia nirudie. Nikarudia, naye akaacha kutafuna. "Hino," akasema. "Kiangazi twavuta ya chini, masika twavuta ya juu. Raya, weye ndiye fundi." Sijawahi kupewa sifa iliyonikaa mwilini kama ile, na usiku ule wote nilikuwa nikijiona mtu mkubwa. Akaagiza kwa mwenzake aliyebaki Dubai.

Hakuiona. Msimu wa karafuu ulikuwa ukingoni, na karafuu za ukoo wao ziko Ole, na msimu ukifika Pemba hakuna mwenye gari na asiye na gari, wote wanapanda. Mkarafuu ni mti wa udanganyifu. Tawi lake linaonekana zima, linabeba, linabeba, kisha linakatika bila kulia. Walimleta Hemed kwenye kitanda cha kamba, kofia yake imejaa karafuu mbichi, kwa kuwa mtu mmoja aliona aziokote. Sikulia siku ile. Nilikasirika na yule aliyeziokota. Mpaka leo, nikinusa makonyo ya karafuu yakianikwa, hasira hiyo inarudi, na simjui ni nani.

Bi Time alinikosha, akanivisha nguo nyeupe, akakitoa kioo chumbani na chupa yangu ya mafuta mazuri, akaniketisha hapa. Miezi minne na siku kumi. Kizuka hatoki, hapambi, haonwi na wanaume wa kando, na kwa desturi ya nyumba hii hata sauti yake isivuke ukuta. Chakula kiliingia kimefunikwa kawa, uji wa mtama asubuhi, wali na mchuzi mweupe mchana. Matanga yalikuwa hayajaanuliwa vizuri boksi lilipofika kwa meli, na jina la Hemed limeandikwa juu yake kwa wino mnene. Bi Time aliliingiza chumbani kwangu, akaliweka sakafuni, tukalitazama sote wawili kama mgeni aliyekosea nyumba. Nikalifungua. Paipu zilikuwa za aluminiamu, zinang'aa, na chujio jekundu umbo la pia. Nilizishika kipande kimoja kimoja, nikakiona na kile kiungo cha mpira, pale pale pa pichani. Siku ya pili Seif alimtuma mama yake, boksi linatakiwa nje. Likatoka. Kitabu cha picha hakikutakiwa na mtu, na kwa vile hakuna mwingine aliyekisoma, nililojua mimi hakulijua mwingine.

Basi nikaisikia kazi ile yote bila kuiona. Waliegesha gari hapa chini ya dirisha, kwa ajili ya kivuli cha ukuta. Nikalisikia boksi jeusi la plastiki likitolewa kwa mikwaruzo, nikasikia patasi na nyundo vikitoboa bati la ndani ili paipu ipite, kisha tupa ikilainisha kingo kwa muda mrefu, sauti ya kuumiza meno. Kombo ndiye aliyekuwa akifanya, Seif akimpa spana. Kombo alisema, "Mie n'limwambia marehemu, fupi. Hakusikia." Seif akajibu, "Alitaka ndefu. Tia ndefu." Alisema kwa uchungu, na nilimpenda kwa hilo, nakiri, kama mtu anavyompenda shemeji yake. Kisha Kombo akauliza, bila kubadilisha sauti, "Na nke je? Akitoka eda arudi kwao?" Spana ilikuwa ikiendelea kukaza. "Wazee washanena," Seif akasema. "Gari na nke visitoke nje ya nyumba." "Na weye wasemaje?" "Mie n'seme nini? Nipe hiyo bana." Nilikuwa nimeshika kijiko cha uji. Nilikaa nacho mkononi mpaka uji ukaganda utando. Hawakuwa wakiteta, hilo ndilo lililonitia baridi. Walikuwa wakipanga kazi.

Sikumtaka Seif. Hakuwa mtu mbaya, na wala sikuwa na mwingine. Nilitaka kurudi Wambaa kwa mama yangu, nikasomee ualimu, kama tulivyokuwa tumezungumza na Hemed. Mjane haozwi mpaka anene kwa kinywa chake, hata mtoto wa chuo cha Kurani anajua, na nilijiambia kwamba kinywa ni changu, nitakifunga. Ilikuwa ndiyo ngao yangu moja, na nikaiona inatosha.

Kisha mawingu ya masika yakaanza kukusanyika, na gari bado ilikuwa ikitoka na kurudi na paipu yake nzima. Nilijua kwa mvumo. Ukiikanyaga mafuta ilivuta pumzi ndefu, nzito, kutoka chini kabisa, na kila ikivuta moyo wangu ulikuwa ukiruka, maana ndiyo sauti aliyoichagua Hemed na hakuisikia. Nikamwambia Bi Time, "Mama, mwambie Seif atoe kipande cha chini cha paipu kabla ya mvua. Hemed ndivyo alivyotaka." Bi Time alikuwa akichambua mchele. "Kizuka hashughuliki na magari," akasema. Nikamwambia tena kesho yake. Akanitazama kwa huruma, akaniuliza kama nalala vizuri. Siku ya tatu mvua ya kwanza ilianguka kidogo, ikakata, na baada ya swala ya adhuhuri nikamsikia Seif anawasha gari aende zake, mbingu nyeusi tii. Nikainuka. Nikafungua mbao za dirisha. Seif alikuwa amesimama kwenye mlango wa gari, mguu mmoja ndani, anakanyaga mafuta kuipasha moto, karibu nami kiasi cha kunipa mkono. Nikamwita kwa jina, kwa sauti ya kushinda injini: "Seif! Kipande cha chini kitoe. Chujio liko karibu na maji. Walegeza bana moja tu, kinatoka." Akainua uso. Tukatazamana. Wanawake wa mferejini, ng'ambo ya ua, wakanyamaza, ndoo zao zinamwagika. Hawakuweza kusikia neno kwa ule mvumo. Walichokisikia ni sauti ya kizuka ikimwita mwanamume.

Bi Time aliingia mbio, akafunga dirisha, akatoka nje. Nikamsikia anamuuliza mwanawe, injini imezimwa sasa, ua mzima umetega sikio: "Kakwambia nini?" Nikasubiri. Nilikuwa na hakika kwamba atasema paipu, na wote tutaaibika kidogo na mambo yatakwisha. Seif akaingia garini. "Hakunambia neno la kusemwa mbele za watu, mama," akasema, na akaondoka na gari.

Ulimi uliponza kichwa, wanasema, na cha kwangu kilikwenda siku ile. Jioni habari ilikuwa imeshafika bandarini. Niliapa kwa Bi Time kwamba nilisema juu ya paipu, nikamwonyesha kitabu na picha. Alikifunga taratibu, akanirudishia. "Mwanangu," akasema, "watu washasikia. Maji yakimwagika hayazoleki. Na Seif si ntu wa kukutesa." Alidhani ananifariji. Nilimchukia wakati ule, na sasa ninapokaribia umri wake sijui kama bado namchukia au nimechoka tu.

Mimi nilijieleza hivi, na maelezo hayo nimeishi nayo: kwamba Seif hakusikia. Injini ilimziba masikio, akaona mdomo wangu unakwenda, na akaona haya kusema hakusikia kitu. Uthibitisho niliupata wiki ile ile. Mvua kubwa ilimkuta njia ya Wambaa, kwenye bonde linalojaa maji. Gari ilirudi nyumbani ikivutwa na ng'ombe wawili, na watu walitoka kuangalia gari ya mbio ikitembea mwendo wa ng'ombe. Kombo alikuja akaifungua hapa hapa chini ya dirisha. "Imekunywa maji," akasema. "Konrodi zimepinda zote. Injini hino ya kutupa." Kisha nikasikia chuma kikigongwa kidogo. "Seif. Tazama hapa. Kipande hiki chatoka. Bana moja tu. Kimewekwa makusudi kitolewe masika. Hakuna aliyekwambia?" Na Seif akajibu, "Nani wa kunambia? Mwenyewe kafa." Nikaegemea ukuta huu, nikasema moyoni, maskini, kweli hakunisikia. Nilimhurumia. Nataka hilo liandikwe. Nilimhurumia.

Eda ilipokwisha ami yangu, ndugu wa marehemu baba yangu, alikuja kama walii wa kuniozesha. Nikamwambia sitaki. Hakukasirika, alikuwa mtu mpole, alikuwa akila mkate wa kumimina alioandaliwa na Bi Time, akapangusa vidole. "Raya, mjane hutakiwa anene. Weye ushanena, dirishani, mchana kweupe, watu wakisikia. Wataka unene mara ngapi?" Nikasema nilinena juu ya paipu ya gari. Akacheka kwa upole, akasema anajua, wasichana wote huwa na paipu ya gari. Mama yangu alinitumia salamu kwamba Wambaa nako wameshasikia, na kurudi huko bila ndoa ni kumwaibisha yeye. Nikakubali. Nilisema "nimekubali", kwa kinywa changu, na sikio langu halikuitambua sauti.

Maisha yalikuwa maisha. Seif hakunipiga, hakuoa mke wa pili, mtoto wetu wa kwanza mwanamume akamwita Hemed kwa hiari yake, na nilipomwona akilia kwenye akika nilidhani anamlilia ndugu yake. Hakununua gari tena. Alipanda baiskeli mpaka miguu ilipomkataa. Ile gari iliuzwa kwa vipande, boneti lake likawa mlango wa banda la kuku, na katika pitapita zangu nikaiokota paipu, kile kipande cha chini, nikakipeleka jikoni. Kinapuliza moto vizuri kuliko kitu chochote. Nimekipulizia chakula cha watoto watano.

Sukari ilimmaliza Seif kidogo kidogo. Siku chache kabla ya kufa, baada ya alasiri, nilikuwa namlisha uji, akaigeuza shingo akalitazama dirisha hili. "Siku ile n'likusikia," akasema. Nikamuuliza siku ipi. "Siku ya paipu. N'likusikia lote. Kipande cha chini. Bana moja." Nikamwambia, basi kwa nini hukukitoa? Niliuliza hivyo kwanza, kwa ujinga, kama ningali nataka kuiokoa gari. Akafumba macho. "N'ngekitoa, Kombo angeuliza nani kakwambia. Watu wangejua ulinena paipu." Akapumua kwa taabu. "N'lijua itazama. Kila mvua n'kijua. Naliona bora izame." Kisha akanitaka radhi. Nilikuwa na kijiko mkononi. Nikampangusa mdomo, nikatoka nikaenda jikoni, nikakaa mbele ya jiko lisilo na moto. Alinipenda, najua mtaniambia hivyo, na ni kweli alinipenda. Akaiua gari ya ndugu yake ili anipate, akaniacha nimhurumie kwa kutosikia. Namkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu aliye hai. Wakati mwingine hapa chumbani namlilia, na vyote viwili vinakuja saa moja.

Alikufa Ijumaa asubuhi. Kabla ya jeneza kutoka, mkubwa wa wanawake wa mtaa aliniinamia mbele ya wote, kama ilivyo ada, akaniuliza, "Bi Raya, umempa radhi mumeo?" Sikujibu. Walingoja. Sikujibu, na safari hii nilikuwa nimekifunga kinywa kwa nia yangu yote, kama nilivyotaka kukifunga nikiwa msichana. Yule bibi akawageukia wenzake. "Kimya chake ni ridhaa," akasema, nao wakaitikia, na jeneza likatoka.

Jana mwanangu Hemed alikuwa akisafisha jiko la uani, wageni wa siku ya arubaini wamekaribia. Alikuja chini ya dirisha na ile paipu mkononi, nyeusi kwa masizi. "Mama, hili dude la kupulizia moto limechakaa, n'litupe?" Mferejini kulikuwa na wanawake wanateka maji, na wanaume wa ndugu wanapanga viti, na fundi Kombo, mzee sasa, alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele na bakora yake. Nikainuka. Nikazisukuma mbao za dirisha mpaka zikagonga ukuta. "Usitupe," nikasema, kwa sauti ile ya kushinda injini. "Hicho ni kipande cha chini. Hutolewa masika, kwa kulegeza bana moja. N'limwambia baba yako kutoka hapa niliposimama, na alinisikia." Kombo akainua uso wake. Mkaza mwanangu alikuwa ameshaingia chumbani, amenishika mkono, ananong'ona kwamba kizuka hapandishi sauti, watu wanasikia. Nikautoa mkono wangu taratibu, nikazishika nondo, nikayasema tena tangu mwanzo.